Adhabu Haipelekwi Hospitali

Sehemu ya sita

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, au mtu alikufungia sabuni nalo, usijali. Nakupa kwa ufupi.

Uzazi wangu wa pili ulinifikisha mlango wa kaburi nikarudishwa. Daktari akasema nisithubutu tena. Mimba ya tatu ikaja bila hodi. Mama mkwe akaijua kabla yangu, akampigia simu mwanawe, na mume wangu, fundi wa kupanda minara ya simu, akaimba huko huko aliko. Nyumba nzima ikafurahi isipokuwa mimi.

Zahanati yetu ni moja, na muuguzi wake ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Kwa hiyo sikuingia. Nikaenda chumba cha nyuma ya duka la vipodozi, kwa yule tuliyemwita Mama Poda. Alipomaliza na chombo chake akaniambia, “Ukiumwa usirudi hapa. Mimi sikujui.”

Nyumbani nikasema mimba imeharibika yenyewe. Mama mkwe alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akajifuta macho na kunichemshia maji ya kuoga. Sasa endelea nami.

Nilirudi kazini mapema, kwa sababu nyumbani huruma ilikuwa inanikaba koo.

Kazi yetu ni maua. Hatuyalimi, tunayapokea. Yanakuja ndani ya ndoo kutoka shambani, tunayapanga mezani, tunapima mashina, tunakata, tunafunga, kisha yanaingia chumba cha baridi kusubiri ndege. Anayeyanunua huko mbali anadhani yametoka peponi. Sisi tunajua yametoka ndooni, na maji ya ndoo yakilala yananuka kama kitu kilichokufa.

Mwenzangu wa meza tulimwita Blanketi. Ukichelewa, yeye atamwambia nyapara ulikuwa chooni. Ukivunja shina, atasema lilikuja limevunjika. Anafunika kila mtu, hata asiyemwomba. Ndiye peke yake aliyeijua siri yangu, na si kwamba nilimwambia kwa kupenda. Alinikuta chooni nalia, nimejiziba mdomo kwa mkono.

Siku ile alinishika mabega. “Nyamaza. Hata mimi nilishapita huko.”

“Wewe?”

“Mimi. Kabla sijamzaa mwanangu wa kwanza. Niko hai, unaniona.”

Kama hujawahi kuwa na jambo usiloweza kumwambia mtu, hutaelewa neno hilo lilivyoniingia. Nikamshika Blanketi kama kipofu anavyoshika fimbo. Tangu hapo akawa ndiye daktari wangu, tukiwa tumesimama mezani, mikasi mikononi, tunaongea bila kuangaliana ili nyapara asishtuke.

“Damu haijakatika,” nilimnong'oneza.

“Yangu nayo ilichelewa kukatika.”

“Leo imezidi. Nimeenda kubadilisha mpaka naona haya kurudi chooni.”

“Vilevile. Inasafisha hiyo.”

“Na tumbo linakata hapa chini. Nimemeza dawa, halisikii.”

“Langu lilinikata mpaka nikatambaa. Likaisha lenyewe.”

Kila nilichotaja, yeye alikuwa nacho, tena kikubwa kuliko changu. Nikitaja kidole, yeye ana mkono mzima. Nikawa natoka mezani nimetulia, nikijiambia, ah, kumbe ndivyo inavyokuwa.

Kisha ikaja baridi. Ilikuwa zamu yangu ya kuingiza mafungu kwenye chumba cha baridi. Mle ndani kila mtu anatetemeka, tunataniana nani meno yake yanagonga vizuri. Nikatetemeka nao. Nikatoka, wenzangu wakaacha kutetemeka, mimi nikaendelea.

Mtu wa kazi nyingine angeshtuka. Sisi tulishazoea kutoka mle na midomo iliyokufa ganzi na kuchekana. Nikajiambia baridi imeingia mifupani, itatoka yenyewe.

Baada ya baridi, harufu. Nyapara alipita nyuma ya meza yetu, akasimama, akakunja pua.

“Nani hajabadilisha maji ya ndoo?”

Tukainama kila mtu kwenye ndoo yake, tukanusa. Tukamwaga, tukasugua na klorini, tukajaza maji mapya. Nyapara akarudi, akakunja pua tena. Meza nzima ikageukia ndoo za meza ya jirani, watu wakaanza kutupiana maneno.

Nilisugua ndoo yangu mpaka ngozi ya mikono ikachubuka. Kikulacho ki nguoni mwako, nasi tuliambiwa tangu utotoni, lakini mimi nilikuwa nakitafuta ndooni.

“Blanketi,” nikasema, “na wewe ulinuka?”

“Sana,” akajibu bila kuinua uso. “Nilikuwa najipulizia marashi.”

Nikanunua marashi.

Jioni nikafika nyumbani, nikavua kila kitu, nikaoga, nikajipulizia, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Harufu ikaja ikakaa na mimi. Na nyumbani kwangu hakuna ndoo za maua.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwa namna nyingine. Nilihisi mtu nyuma yangu, anapumua hewa ya baridi shingoni. Nikigeuka ni pazia tu. Nikiinama kufua, yuko. Nikiwasha moto, yuko. Watoto wangu wawili walikuwa wanacheza barazani, nikawahesabu kwa macho, nikapata wawili. Nikahesabu tena, nikajikuta moyo unatafuta wa tatu. Nikaingia ndani nikafunga mlango wa chumba, kana kwamba kitu cha namna ile kinazuiwa na komeo.

Mama mkwe aligonga. Aliingia na beseni la maji na kitambaa.

“Mwanangu, jana ulikuwa unaweweseka. Nikaja kukufunika, unaungua.”

“Ni uchovu tu, mama.”

“Uchovu hauchomi hivi.” Akanipa vidonge vya kushusha homa, akanikandakanda paji la uso. Baada ya muda jasho likanitoka, mwili ukapoa, nikaweza hata kula. “Unaona?” akasema. Kesho yake homa ikarudi kama mtu aliyesahau kofia. Vidonge tena, ikashuka tena, ikarudi tena.

“Twende kwa wifi yako akuangalie,” akasema mama mkwe.

“Hapana.” Nilijibu haraka mno. Nikalainisha sauti. “Nitapona, mama.”

Akanitazama kwa muda. Nikadhani amenishtukia. Kumbe alikuwa anatafuta maneno.

“Na mimi nilipoteza mmoja,” akasema. “Kabla ya mumeo. Huwa sisemi. Majonzi ya mtoto yanachoma mwili, nayajua. Lia, mwanangu, usijibane.”

Akanikumbatia na harufu yangu yote. Kama ardhi ingepasuka saa ile ningemshukuru Mungu. Yeye aliomboleza wake, na mimi wangu nilimpeleka kwa miguu yangu nyuma ya duka. Sikulia. Nilikodoa macho ukutani juu ya bega lake, na mle chumbani tulikuwa watatu.

Wewe unayesoma na una akili zako timamu utauliza kwa nini sikukimbilia zahanati. Nakwambia. Mimi sikujua kuwa naumwa. Nilijua naadhibiwa. Aliyeondolewa amerudi kudai mahali pake, ndiye anayenipulizia shingoni, ndiye anayenuka. Sasa nani anapeleka adhabu hospitali? Utamwambia muuguzi nini, kwamba una adhabu tangu juzi na inazidi jioni? Mgonjwa hutafuta dawa. Mimi nilipiga magoti, nikaomba msamaha, nikameza vidonge, nikaenda kazini.

Ndipo siku ikafika.

Jua lilikuwa kali, la saa za mapumziko. Wenzangu walikuwa wamejibanza kivulini chini ya paa la mabati. Mimi nilisimama penye mabomba, juani, nimevaa koti zito la chumba cha baridi, nimelifunga vifungo vyote mpaka kidevuni.

Blanketi akaja na ndoo yake. “Mbona koti?”

“Baridi.”

“Vilevile,” akasema, akifungua bomba. “Mimi nilivaa makoti mawili. Mwanangu wa kwanza, masikini, ndiye aliyekuwa ananiletea na shuka.”

Maji yakawa yanajaa ndoo. Nikayatazama. Kichwa changu kilikuwa kizito, lakini neno lile lilikwama.

“Nani alikuletea shuka?”

“Mwanangu wa kwanza.”

“Si uliniambia ilikuwa kabla hujamzaa?”

Akafunga bomba. Akalifungua tena. Ndoo ikajaa, ikafurika, maji yakatulowesha viatu.

“Labda ni mdogo wangu,” akasema. “Ni zamani.”

“Blanketi. Wewe ulitoa lini?”

Akainama kumwaga maji yaliyozidi kwenye ndoo.

“Blanketi.”

“Sijawahi,” akasema.

Alilisema kwa sauti ndogo sana, lakini nililisikia kuliko king'ora cha zamu.

“Sijawahi kutoa. Hata kwa Mama Poda sijui mlango uko upande gani. Nilikukuta unalia vile, nikaona nikikuacha utajiua. Nikasema hata mimi, ili usijione uko peke yako. Kisha ukawa unauliza. Kila siku unauliza. Ningesema nini?”

“Ungesema hujui.”

“Ningesema sijui, ungebaki na nani?”

Mpaka leo watu wananiambia ningemzaba kofi. Sikuwa na nguvu ya kofi, na chuki sikuwa nayo. Nilichopata ni hofu tu, hofu ya kawaida, ile ya mtu anayeumwa. Kwa hiyo hakuna mtu aliyetokwa na damu kama yangu akasema inasafisha. Hakuna aliyetetemeka juani akapona. Hakuna aliyenuka hivi akajipulizia marashi yakamsaidia. Fimbo niliyoishika siku zote zile ilikuwa ya hewa.

“Basi ni adhabu kweli,” nikasema. “Amenifuata.”

“Nani kakufuata?”

Nikamwambia. Pazia, shingo, hesabu ya watoto barazani, yote. Blanketi akasikiliza, kisha akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu, akakitoa kama amegusa sufuria.

“Wewe mwanamke una akili? Adhabu inapandisha joto? Aliyekufuata angekufanya unuke damu iliyooza? Wewe unaumwa. Unaumwa vibaya, na mimi ndiye nimekuchelewesha.”

Nikataka kumjibu. Jua likageuka jeusi katikati, na nilichokisikia baadaye ni watu wengi wakizungumza juu ya kichwa changu.

“Ana nini huyu?” Hiyo ilikuwa sauti ya nyapara.

“Tumbo,” akasema Blanketi, akifunika kwa mazoea.

“Amekula nini?”

“Maua,” akasema mmoja, wakacheka. Kisha wakaona damu ilivyoshuka mpaka kwenye kiatu changu. Kicheko kikafa. Nyapara, ambaye kwa miaka yote sijawahi kumwona akisimamisha kazi, akapiga kelele mara moja tu, akimtaka dereva ashushe maboksi. Gari la kupeleka maua uwanja wa ndege likanichukua mimi, na Blanketi akakaa kwenye sakafu ya gari, kichwa changu kikiwa mapajani pake.

“Sio zahanati,” nikamwambia. “Nipeleke popote, pale hapana.”

“Pale ndipo karibu. Kuna nini pale?”

“Wifi.”

“Wifi atakufokea,” akasema Blanketi. “Mwache akufokee ukiwa hai.”

Wifi yangu ni mwanamke mrefu, ana mdomo usio na breki, na hana dogo. Alipoona naingizwa nimeshikiliwa huku na huku, alianza kabla sijafika kitandani.

“Huyu hapa. Mama ananiambia kila siku unakataa kuja, nikasema labda zahanati yangu inanuka.” Halafu akanisogelea, na pua yake ikafanya kazi yake. Utani ukamtoka usoni. Akaniwekea kipimajoto, akakisoma, akakisoma tena.

“Joto hili umeanza nalo lini?”

“Juzi. Au kabla. Nikimeza dawa linashuka.”

“Linashuka, linarudi.”

“Linarudi.”

“Na unatetemeka.”

“Nilidhani ni chumba cha baridi.”

“Na harufu hii?”

“Nilidhani ni ndoo.”

“Ndoo gani?” Hakusubiri jibu. Alikuwa anafunga mpira mkononi mwangu kutafuta mshipa. “Damu je? Nyingi kiasi gani?”

“Kuna siku nilijaza pedi mbili kwa saa moja. Saa iliyofuata mbili tena.”

“Kizunguzungu?”

“Leo nimeanguka.”

“Tumbo linauma hata ukimeza dawa?”

“Halisikii dawa.”

Akaingiza sindano, akafungua maji ya dripu, akasimama akinitazama mikono kiunoni.

“Wifi, nisikilize. Mimba ikitoka, iwe imetoka yenyewe au imetolewa, moja tu kati ya hayo linatosha kukuleta hapa siku hiyo hiyo. Hungoji kesho, hungoji liishe lenyewe. Homa isiyokwisha, moja. Harufu, moja. Damu ya namna hiyo, ndiyo hata usivae viatu, unakuja pekupeku. Wewe umeyakusanya yote kama mtu anayeweka akiba.”

Iwe imetoka yenyewe au imetolewa. Nilimkagua uso nikitafuta mtego. Hakukuwa na mtego. Aliyasema kama muuguzi anayemwambia yeyote. Moyoni mwake mimi nilikuwa mke wa kaka yake aliyefiwa na mimba, basi. Hilo liliniuma kuliko sindano.

Pazia likasogea, nami nikashtuka kama ilivyokuwa desturi yangu siku zile. Aliyeingia alikuwa mama mkwe. Wifi alikuwa amempigia simu. Alikuja na shuka safi na chupa ya maji ya moto, ameshona mdomo, anatembea kwa vidole kama mtu anayeingia msibani. Akaketi kwenye kiti miguuni pangu.

Daktari wa zahanati alifuata nyuma yake. Ni mwanamke mfupi, sauti ya chini, hana haraka. Aliweka mkono tumboni kwangu, akabonyeza kidogo tu, nikapiga ukelele uliowaamsha watoto wa kliniki nje. Akabonyeza upande wa pili kwa ncha za vidole. Tumbo lilikuwa gumu kama meza.

“Sipendi tumbo hili,” akamwambia wifi. “Mabaki ndani ya kizazi yanaleta homa, yanaleta harufu. Lakini lisingekuwa gumu hivi.” Kisha akaniinamia. “Mama, nakuuliza jambo moja. Kuna mtu aliyeingiza kitu chochote ndani yako? Chombo chochote?”

Midomo yangu ilikuwa mikavu. Kabla sijaifungua, wifi akajibu.

“Hapana, daktari. Huyu ni mke wa kaka yangu. Mimba iliharibika nyumbani, mama alikuwepo. Namjua huyu, hawezi mambo hayo.”

“Hawezi,” akasema mama mkwe kwenye kiti chake, tena kwa fahari.

“Una uhakika?” daktari akamwuliza wifi.

“Namwekea dhamana.”

Daktari akavuta pumzi. “Basi tutamsafisha hapa hapa. Ingekuwa kuna chombo kilipita, nisingemgusa. Ningempeleka moja kwa moja hospitali kubwa kwenye upasuaji, maana huenda kizazi kimetoboka, labda na utumbo. Kumsafisha juu ya tundu ni kummaliza. Andaa vifaa.”

Wifi akafungua kabati. Nikasikia vyuma vikigusana kwenye trei.

Hapo, msomaji wangu, ndipo nilipojua sauti ya vyuma ni ile ile, kwa Mama Poda na zahanati. Na nyuma ya shingo yangu pale kitandani, ambapo hakuna nafasi ya mtu kusimama maana ni ukuta, ile hewa ya baridi ikaja. Nikafikiri, nikinyamaza nitakufa nikiwa mke mwema. Watanililia vizuri. Mume wangu atawaambia watoto mama yenu alikuwa hivi na hivi, na hakuna atakayejua. Nakiri, lilinivutia. Lilinivutia kuliko ninavyoweza kuandika gazetini.

Kisha nikawaona wawili wangu barazani wakisubiri mtu wa kuwaita ndani.

Mlangoni alikuwa amesimama Blanketi, bado na aproni ya kazini, majani yamemganda mikononi. Alinitazama, akatazama trei, akatazama mama mkwe. Akafungua mdomo.

“Daktari,” akaanza.

Sikujua anataka kunifunika au kunifunua. Nadhani hata yeye hakujua.

“Blanketi,” nikasema, “usinifunike.”

Wote wakanigeukia.

“Kiliingizwa,” nikasema. “Chombo. Cha chuma. Haikuharibika yenyewe. Nilitoa, nyuma ya duka la vipodozi.”

Wifi alikuwa amesharudi kitandani, ameshika mkono wangu akihesabu mapigo ya moyo. Vidole vyake vikasimama. Nilingoja aniachie. Hakuniangalia, macho yake yalikuwa sakafuni, na shingo yake yote ilikuwa imejaa mishipa. Lakini mkono hakuuachia. Baada ya muda vidole vikaanza tena kuhesabu.

“Asante,” akasema daktari, kana kwamba nimemwambia uzito wangu. “Siulizi ili nikuhukumu. Nauliza ili nijue pa kutibu. Uliona maumivu makali pale pale alipokuwa anafanya?”

“Kama kitu kimepasuka.”

“Rudisha vifaa,” akamwambia wifi. “Dawa za mshipani zote mbili, sasa hivi. Asile, asinywe. Gari la wagonjwa. Piga simu hospitali waambie chumba cha upasuaji kiwe tayari.”

Wifi akafanya yote hayo bila neno, yeye ambaye hata usingizini anaongea. Alipomaliza kuingiza dawa ya pili, akafuta tone la damu mkononi mwangu kwa pamba, taratibu, halafu akageuka akaegemea kabati na mgongo wake ukatikisika. Nikataka kusema samahani wifi. Neno likawa dogo mno, nikaliacha.

Mama mkwe hakuwa amesogea. Shuka safi lilikuwa bado mapajani pake, amelikunja, amelikunjua, amelikunja tena. Nilimwona akizeeka pale kwenye kiti.

“Mama,” nikasema.

Akainua kiganja kunizuia.

Wabebaji wakaja na machela. Waliponiinua nililia kwa sauti, na ndipo aliposimama. Akanifunika na lile shuka, akalibana chini ya mabega yangu pande zote mbili, kama anavyowafunika wajukuu zake.

“Mpelekeni,” akawaambia. “Mengine nitamwuliza akipona.”

Sikujua kama ni huruma au ni kitisho. Nikamtazama usoni nijue, na uso wake ukanikatalia.

Tukatoka. Uani jua lilinichoma macho. Wifi akapanda mbele kwa dereva, bado na glavu. Blanketi akashika ukingo wa machela mpaka walipomwambia aachie. Mama mkwe alikuwa anakuja nyuma, ndipo simu yake ilipolia kwenye mkoba. Akaitafuta, akaitoa, akaisoma kwa kuishika mbali na macho.

Nilijua ni nani. Hupiga saa zile kila siku.

“Haloo,” akasema mama mkwe. Upepo ulivuma kwenye ile simu kwa nguvu hata mimi nikausikia, na ndani ya upepo sauti ya mume wangu, yenye furaha, akiuliza kama nimekula leo.

Mama mkwe akanitazama pale nilipolala. Mimi nikamtazama yeye. Sikuwa na haki ya kumwomba kitu, na nilimwomba kwa macho.

“Uko mnarani?” akamwuliza mwanawe. “Juu kabisa?”

Akasikiliza.

“Basi shuka kwanza,” akasema. “Shuka polepole, mwanangu. Ukifika chini nina la kukwambia kuhusu mkeo.”

Wakaniingiza garini, mlango ukafungwa, na alichomwambia alipofika chini sikukisikia.